Mazoezi ya Jumamosi na onyesho la pili

Assalaam aleikum na habari za jioni wanakikundi.

Jumamosi tunaendelea na mazoezi pale pale Mikindani, saa 10 jioni. Tuwahi jamani, giza likiingia taa ya ukumbi haitutoshi.

Nimesoma maoni yenu kuhusu onyesho la pili la mchezo wetu, lile la duara la viti ambapo walevi wanakutana ili wasaidiane kuacha pombe. Naomba tulitulize. Watu wanaotafuta kupona pamoja hawahubiriani. Utaratibu huu wa mikutano ulianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, walevi wawili walipoona kwamba kuzungumza wao kwa wao kunawasaidia kuacha pombe. Hadi leo kwenye mikutano ya aina hiyo mtu hutaja jina la kwanza tu, na anayeongea hakatizwi. Kwa hiyo yule mama anayesimulia jinsi pesa za korosho zilivyoishia kwenye gongo, mwacheni anyamaze anapotaka kunyamaza. Juzi alivyokuwa anazungusha ncha ya kanga kidoleni bila kusema neno, kimya kilitanda ukumbi mzima. Pale nikasema sasa tunaigiza.

Tena nasisitiza: uraka halisi, ile pombe ya mabibo, usiingie jukwaani, hata kwa utani. Kwenye watazamaji, na hata kati yetu, wapo wanaopambana, na harufu peke yake inaweza kumwamshia mtu hamu. Tutatumia maji ya rangi.

Ukiguswa katikati ya mazoezi, toka nje upumzike, hakuna atakayekuuliza. Ukitaka kuongea nipigie, hata usiku.

Wabeba viti wafike saa 9.