Kwa Salim, kuhusu kijana na maji ya Malaka

Ndugu yangu Salim,

Asalaam aleikum. Za siku nyingi? Mama yu mzima? Mie sijambo, tumetia nanga nje ya Singapore twangoja nafasi bandarini, na joto la huku halina adabu.

Ujumbe wako nimeusikia. Ati kijana wako Juma kapata kazi melini nawe wataka kumzuia kwa ajili ya maharamia wa Malaka, huu mlango wa bahari kati ya Malaysia na Sumatra ya Indonesia? Hongera kwanza! Zamani ungekuwa na haki. Mwaka 2005 watu wa bima wa London waliyaweka maji haya kwenye orodha ya maeneo ya hatari ya vita, Agosti 2006 wakayatoa. Hapo katikati wenyewe walijitahidi: Indonesia, Malaysia na Singapore walishaanza doria 2004, wakaongeza ndege za kuchungulia kutoka juu, na baadaye, 2008, Thailand nayo ikaingia.

Ila usidhani ni jeshi moja. Kila mtu na maji yake. Mwizi akivuka mpaka, wa huku anampigia wa kule. Wamarekani walipodokeza 2004 kuja kusaidia ulinzi, Malaysia na Indonesia walikataa katakata. Kwangu mie, kuogopa mgeni asije akakaa sebuleni kuliwasukuma kuliko huo udugu wa kwenye hotuba. Hata kituo cha ReCAAP cha kupashana habari za uharamia, kipo hapahapa Singapore tangu 2006, na majirani hao wawili si wanachama! Halafu sisi wa Afrika Mashariki ndio tukaiga: makubaliano ya Djibouti ya 2009 ya kupambana na uharamia, yaliyotuletea kituo pale Mombasa, mfano wake ni huo.

Kwa hiyo Juma aje. Wa kuwaangalia siku hizi ni vibaka wa usiku, wanaoparamia meli kwa nyuma, wakabeba vipuri vya injini, wakayeyuka. Mwaka 2025 waliongezeka, hasa mlango huu wa Singapore. Akiwaona apige king'ora, ajifungie na wenzake, asijifanye shujaa. Serahangi wetu, msimamizi wa mabaharia, alitaka kuwafukuza na spana, mwanamume wa miaka sitini! Tulimshika shati.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni wakala aliyemtafutia kazi. Juma kaombwa pesa? Mkataba kausoma wote au katia sahihi tu? Meli ina bendera ya nani? Na ile habari ya Kombo... basi, tutaongea. Fundi wa Likoni je, kaezeka paa au bado anatula?

Wako,
Athumani