YAH: Laptopu inayosema "inachaji" huku betri inaisha

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina steshenari karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Chaja iliyokuja na laptopu yenu, ya wati 65, iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Duka lenu likaniuzia nyingine ya wati 30. "Hii inaingia, mama, haina shida." Kuingia iliingia kweli.

Jumatatu saa nne asubuhi nilikaa kupanga mtihani wa shule moja, betri ikiwa asilimia 80. Nikachomeka chaja, alama ya radi ikatokea, pembeni "inachaji". Saa nane na nusu mashine ikazima puu! Hakuna onyo hata moja. Mwalimu kasimama kaunta anasubiri, na michoro ya Hesabu niliyokuwa sijaihifadhi ikaenda na maji.

Natumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Usiku ule mwanangu alifungua faili la betri, tukakuta kioja: mstari wa hali unasema inachaji, wa nishati iliyobaki unashuka kila tukiutazama, kwa kasi ya wati 9. Kesho yake kipimo cha fundi kikaonyesha chaja inatoa volti 20 na ampea 1.4, yaani wati 28. Mashine inakula 37. Pengo lote lilikuwa linazibwa na betri, ambayo ni ya wati-saa 50. Pigeni hesabu wenyewe muone kama saa nne na nusu ni ajabu.

Kwa hiyo sigombani na chaja. Nagombana na draiva yenu ya betri, yaani programu ndogo inayoiambia mashine hali ya betri, ambayo inaangalia tu kama waya umechomekwa, haiulizi umeme unaelekea wapi. Ikishatamka "inachaji", mfumo mzima unanyamaza, maana onyo la betri kuisha hutoka pale tu inapoandikwa kwamba betri inatumika. Linux imewawekea majibu matano: inachaji, inatumika, haichaji, imejaa, haijulikani. Hata hilo la mwisho lingeniokoa.

Naomba toleo jipya la draiva litakalosoma kwanza mkondo wa betri ndipo liseme, na chaja ikizidiwa, iandikwe hivyo kwenye skrini.

Naomba pia jibu la maandishi. Msinipigie simu kuniambia nizime na kuwasha. Nimeshazima na kuwasha mara nne.

Mteja wenu,
Mama Steshenari, Mbuyuni, Moshi.