Idi njema kutoka Pangani

Asalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zetu wa Pangani mlioko Dar es Salaam, Tanga mjini, Unguja na Maskati, pamoja na majirani zetu Wakristo tunaokula nao sinia moja kila mwaka: Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atukubalie funga zetu, awarehemu waliotutangulia, na awafikishe salama wote walioko njiani.

Huko mjini mnaulizwa sana, Pangani kuna nini? Kuna mto uliotoka Kilimanjaro na Meru ukaja kumalizia safari yake hapa. Kuna minazi, bahari, nyumba za kale zenye milango ya nakshi, na watu wanaokutambua kwa jina la babu yako. Na kuna Idi inayokwenda kwa saa zake yenyewe. Mwenye kuzijua saa hizo hachoki kurudi.

Inaanza na mwezi. Jioni ya ishirini na tisa Ramadhani tangazo la Mufti tunalisubiri kama Waislamu wenzetu wote, lakini macho yetu yanatangulia. Jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu. Mara tu linapozama mwanga bado ni mwingi, hilali haionekani. Ngoja kama robo saa, kisha tafuta juu kidogo ya pale jua lilipozamia, upande wa bara, kule mto unakotokea. Watoto wengi hukimbilia ufukweni kuutafuta mwezi baharini, na bahari yetu iko mashariki. Wengine hungoja giza liingie vizuri, nao wanakosa vilevile, kwa sababu mwezi mchanga unalifuata jua upesi. Dar es Salaam magharibi yote imezibwa na ghorofa na taa, mwezi mnaletewa na simu. Hapa mtoto wa miaka sita anaushika kwa kidole, na mtaa mzima unasikia ukelele wake.

Mwezi ukiandama, huja na bamvua. Jua na mwezi zinavuta bahari kwa mstari mmoja, basi maji yanajaa sana na kukupwa sana, tofauti ikapita mita 3. Kwa sababu hiyo Idi ya Mfunguo Mosi, yaani ya kumaliza Ramadhani, iangukie Machi au Septemba, haibadiliki kwa maji: yanakupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, watu wakiwa wametoka msikitini na kunywa chai, na yanajaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, jua limepoa, watoto wamevua nguo za Idi na wanataka kuoga. Idi ya kuchinja iko kinyume. Tarehe kumi ya Mfunguo Tatu, mwezi wa Hija, huangukia maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu, na siku hiyo watu wetu huonekana zaidi uani kuliko pwani. Wazee waliyajua haya bila jedwali lolote.

Angalizo moja kwa wanaoleta watoto waliokulia mjini. Waogelee maji yakiwa yanajaa, ufukweni, mbali na mlango wa mto. Bamvua likianza kutoka, maji ya bahari na maji ya mto yanatoka pamoja mlangoni pale kwa nguvu kubwa, na hata mwogeleaji mzuri hayawezi. Maji yakigeuka, watoto watoke. Msingoje dakika tano za mwisho.

Anayetaka kwenda Maziwe asiende Idi mosi. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti. Leo kimebaki fungu la mchanga linaloibuka maji yakikupwa na kuzama yakijaa. Siku ya kwanza, mpaka umalize swala na salamu za nyumba kwa nyumba, fungu linakaribia kufunikwa. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 40 hadi 50, kwa hiyo Idi pili yanakupwa karibu na saa tano na nusu, na mnaweza kuondoka asubuhi bila haraka. Mwachieni nahodha aamue saa ya kurudi, na mwulizeni kabla hamjapanda kama ana maboya ya kutosha watu wote.

Bamvua hilohilo ndilo linaloleta pweza. Miamba ya Ushongo na Kigombe inakauka, wavuvi wanashuka kwa miguu, na bei inakuwa ya kirafiki. Pweza apondwe kwanza, kisha aive kwenye maji yake mwenyewe kwa moto mdogo hadi uma upite bila kushindana. Tui liingie mwishoni. Ukilitia mapema litakatika na yeye bado mgumu.

Na tukishataja tui, tuuzungumze mkate wa kumimina, maana hakuna kitu ambacho wenzetu wa mjini wanakilalamikia zaidi kwamba "hautoki kama wa nyumbani". Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Zikune nazi mbili zilizokomaa, zile ambazo ukizitikisa unasikia maji. Mkono uache kukuna kabla ya kufikia ganda la ndani, kwa kuwa ule weusi ukiingia tui linakuwa la kijivu. Kamua kasimile, lile tui zito la kwanza, kwa maji ya vuguvugu kidogo sana, upate kikombe kimoja na nusu. Saga mchele kwa kasimile hiyo, pamoja na kijiko cha chai cha hamira na iliki ya kutwanga, mpaka ukisugua kati ya vidole usihisi chenga. Uzito uwe wa uji mwepesi. Funika.

Hapo ndipo wengi huharibu. Kwenye joto la Machi unga unaumuka kwa dakika 40 hadi saa moja. Ukiuacha ukaumuka ukashuka, mkate utakuwa mchachu na katikati utabonyea. Ukishajaa mapovu, tia sukari robo tatu ya kikombe na ute wa yai moja, koroga taratibu, umimine mara moja kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupata moto tayari. Sufuria ya baridi inashika. Moto wa chini uwe mdogo. Kingo zikishikana na juu pakiwa na vitundu, weka mkaa juu ya mfuniko na upunguze wa chini. Ukichomeka kijiti kikatoka kikavu, umeiva. Uache upoe kabla ya kuukata, la sivyo unavutika kama gundi. Tui la kopo linafanya kazi, lakini mara nyingi ni zito mno, na mkate unakuwa mzito kama keki. Nazi ya kukuna ndiyo siri, nayo huku inaokotwa chini ya mnazi.

Watu hufikiri utulivu wa mji huu ni bahati mbaya. Karne ya 19 misafara ya pembe ilishukia hapa, na mashamba ya miwa yalijaa kando ya mto. Abushiri bin Salim aliyewapinga Wajerumani alinyongwa hapahapa Pangani mwaka 1889. Kisha reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na meli kubwa hazikuweza kuvuka fungu la mchanga mlangoni mwa mto. Biashara ikahamia Tanga. Kilichobaki ni mitaa ambayo asubuhi ya Idi unaweza kupita katikati ya barabara ukitoa takbira, mtoto mkononi, ukaenda kwa njia moja na kurudi kwa nyingine kama ilivyo sunna, usipigiwe honi hata moja.

Kwa wasioweza kuja mwaka huu: zaka ya fitri ni pishi moja kwa kila mtu wa nyumbani, ambayo wengi huihesabu kilo mbili na nusu za mchele. Tumeni pesa siku mbili kabla. Usiku wa mwezi maduka hujaa, wakala huishiwa fedha, na ikimfikia mwenye haja baada ya swala inahesabiwa sadaka ya kawaida. Mji mdogo una faida hii pia, kwamba anayestahili anajulikana na hana haja ya kupanga foleni.

Mlioko Maskati, mwaka mwingine mnatutangulia kwa siku moja. Pigeni simu jioni yenu ya Idi mosi, kwenye saa moja na nusu ya huku, tukiwa tumerudi kutoka swala ya magharibi. Wazee watakuwa barazani na simu itazunguka mkono kwa mkono.

Taqabbala Allahu minna wa minkum. Mkate umebaki nusu sinia, tumeufunika.