Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kazi Yetu Migodini

Ndugu wanachama,

Mwaka jana mliiagiza kamati yenu iache kungoja wagonjwa kliniki, na sisi wataalamu wa usikivu tuwafuate wachimbaji waliko. Taarifa hii inaeleza tulivyolitekeleza agizo hilo, na tulipokwama nitasema tumekwama. Habari za ada na wanachama wapya watazisoma mweka hazina na katibu. Mimi nitabaki migodini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima wachimbaji 246 wa Tanzania na kukuta asilimia 47 wameharibiwa usikivu na kelele. Kwa wanaofanya kazi chini ya ardhi ilikuwa asilimia 71, na kwa wale wa shimo la wazi 28. Aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kutoboa mwamba ndani ya handaki hashangazwi na tofauti hiyo. Sauti haina pa kutokea, inagonga mwamba na kumrudia aliyeishika mashine. Mashine hizo hufika desibeli 115, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Kanuni tunayoitumia inaruhusu saa nane kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Ukifika 115 umebakiwa na sekunde 28. Mchimbaji anaishika mashine hiyo zamu nzima.

Lililotusumbua zaidi mwaka huu ni kipimo cha kwanza cha usikivu, kile cha msingi ambacho vipimo vyote vya baadaye hulinganishwa nacho. Katika zahanati ya mgodi mmoja tulikuta vijana wapya wakipimwa asubuhi, wametoka moja kwa moja zamu ya usiku. Sikio lililopigwa kelele usiku kucha huwa limechoka, na uchovu huo huonekana kwenye grafu ya kipimo kana kwamba ni uziwi. Ukiandika hivyo kuwa ndiyo hali yake ya mwanzo, umemdhulumu mara mbili. Leo anaonekana alikuja akiwa tayari ameharibika. Miaka mitano mbele, atakapokuwa ameharibika kweli, grafu itasema hakuna kilichobadilika, na dai lake la fidia litakosa mguu wa kusimamia. Anayepimwa apumzike mbali na kelele saa 16 kwanza. Ni jambo dogo, halina gharama ya kutisha, ila linahitaji mtu anayejua kwa nini. Tulikaa na wauguzi wa zahanati ile, tukapima upya, na jenereta lililokuwa likinguruma nyuma ya chumba cha kupimia likahamishwa. Nawashukuru wauguzi hao. Walituuliza maswali mazuri kuliko tuliyoyategemea.

La pili ni woga. Wachimbaji wengi hawapendi kupimwa, nao wana sababu. Mmoja aliniambia wazi: "Mwenyekiti, nikikuonyesha sikio langu, kesho sina kazi." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda, kwa shabaha ya kumlinda. Lakini grafu inapofungiwa kwenye faili la utumishi, hakuna anayeitazama hadi siku ya kumwachisha mtu kazi. Msimamo wa kamati ni kwamba mchimbaji apewe nakala yake na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Aonyeshwe lile bonde kwenye grafu linaloanza karibu na hezi 4,000, yaani kwenye sauti nyembamba, aambiwe kwamba hapo ndipo kelele inapoanzia kula. Aliyepoteza hapo anasikia kuwa anaitwa, ila hatofautishi "shika" na "fika". Chini ya ardhi kosa hilo huua. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, kwa hiyo kazi yetu ni kuliona bonde hilo likiwa bado kifinyo. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi: migodi yao ilijiwekea lengo kwamba hadi Desemba 2024 mtambo wowote usizidi desibeli 107. Huko ni kuishughulikia kelele kwenye mashine kabla ya kumwendea mtu, nasi tungependa majadiliano ya namna hiyo yaanze hapa.

Kuhusu viziba masikio, ninaomba wenzangu tuache kuwalaumu wachimbaji. Wanavivua kwa sababu wanataka kusikia mwamba. Mchimbaji mzoefu huusikia ukilia kabla haujashuka, na kizibo kinachozima kila kitu kinamfanya ajione kipofu. Hesabu nayo haina huruma: kizibo chenye uwezo wa kupunguza desibeli 30, ukikivua nusu saa tu katika zamu ya saa nane, kinabaki kukulinda kama desibeli 12. Mwajiri akimwaga maboksi ya viziba langoni hajamaliza kazi. Mtaalamu wa usikivu aende, amtazame kila mmoja anavyokiingiza, achague kinachopunguza kelele kwa kiasi na kuacha sauti ya mwenzako ipite. Tulipofanya hivyo kwa zamu moja baada ya nyingine, malalamiko yalipungua. Vijana wenyewe walianza kukumbushana.

Sasa tulipokwama. Tuliahidi kuwafikia wachimbaji wadogo wa Geita na Mererani. Geita tulifika mara moja, Mererani hatukufika kabisa, kwa sababu gari la kukodi lilimeza fedha tulizotenga. Linaniuma. Kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hakuna zahanati, hakuna faili, na wengi hawana mwajiri anayewachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, nilikuta akina mama wakimimina mawe huku wamebeba watoto mgongoni, na sikio la mtoto liko hatua chache kutoka kwenye chuma kinachosaga. Hakuna takwimu ya mtoto yule popote.

Kwa Mererani kuna jambo jingine. Vumbi la mwamba hufungua mlango wa kifua kikuu, na baadhi ya sindano zilizotumika kwa miaka mingi kutibu kifua kikuu sugu huharibu sikio. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema kanamaisini, mojawapo ya sindano hizo, isitumike tena, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini wapo waliokwisha kudungwa. Mwanaapolo, yaani mchimbaji wa Mererani, aliyepata kelele shimoni kisha sindano hospitalini ana mizigo miwili katika sikio moja. Tunataka kuzungumza na Hospitali ya Kibong'oto, ambako wachimbaji hao hutibiwa, ili kila anayetoka apimwe usikivu.

Shirika hilohilo lilieleza mwaka 2021 kwamba katika nchi za kipato cha chini, asilimia 93 zina wataalamu wa usikivu pungufu ya mmoja kwa kila watu milioni. Sisi wenyewe hatujazi basi. Ndiyo maana kamati inaomba mkutano huu upitishe mambo mawili: fedha za sherehe ya tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, zihamishiwe kwenye safari ya Mererani, na kila mwanachama ajitolee siku nne kwa mwaka kupima wachimbaji wadogo. Fomu za kujitolea ziko kwa katibu, mezani pale mlangoni. Jina langu nimeshaliandika.