Masizi ya michungwa yanatoka kwa mdudu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu michungwa ya Muheza. Mliandika kuwa majani yanayoshika masizi yana ugonjwa wa ukungu, tupulize dawa. Kosa hilo nimeshalifanya. Msimu mzima nilipuliza dawa ya ukungu niliyouziwa dukani, na weusi ukarudi palepale.

Ukungu upo, ila unakula makombo ya mwingine. Geuza jani, tazama kando ya mshipa wa kati. Utaona vigamba bapa vya manjano yenye madoa ya kahawia, milimita 3 hivi kila kimoja. Huyo ni mdudu gamba, Coccus hesperidum, aliyepewa jina na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1758. Ana undugu na vidukari: hufyonza utomvu, sukari inayomzidi huitoa nyuma, na ukungu huota juu ya utamu huo.

Wapo wadudu wa gamba gumu, ambao ukilibandua unamkuta mwenyewe chini yake. Huyu wetu gamba ndiyo ngozi ya mgongo wake. Nilimwinua mmoja kwa mwiba wa mchungwa nikakuta vitoto vya manjano vya miguu sita, vimejazana tumboni pake. Mara nyingi jike huzaa bila dume, na mayai huanguliwa mwilini mwake.

Kisha mmeshauri tuwaue majimoto wote, wale sisimizi wakali wa mitini. Hapo mnatuponza. Ni kweli wanainywa ile sukari, na kwa kuilinda huwafukuza nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya vigamba na kuviua. (Unguja kuna mdudu gamba wa mikarafuu, Saissetia zanzibarensis, naye hufugwa na majimoto hao hao.) Lakini shamba langu lina minazi pia, na huko juu majimoto ndio wanaomzuia kunguni wa minazi anayepukutisha vidaka, yaani nazi changa.

Mimi nilikata matawi ya michungwa yaliyogusana na minazi, nikafunga kila shina kitambaa chenye grisi. Majimoto wakabaki minazini kwao. Juzi nimegeuza majani tena: vigamba vingi vimekauka, kila kimoja kina tundu la duara mgongoni, kama limetobolewa kwa pini. Nyigu wametokea hapo.

Mkulima wa michungwa,
Muheza, Tanga