Jumamosi tunamsoma Maria Magdalena

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Jumamosi saa kumi jioni ni zamu ya Maria Magdalena. Wengi wetu tumekua tukisikia alikuwa kahaba aliyetubu. Basi kabla hujaja, soma Luka 7:36 hadi 8:3 kwa mkupuo mmoja, usiishie mwisho wa sura. Mwanamke aliyemlowesha Yesu miguu kwa machozi hatajwi jina. Maria anakuja mistari michache baadaye: ametokwa na pepo saba, na yeye, Yoana, Susana na wengine wanahudumia msafara kwa mali zao. Ukahaba uko wapi hapo? Aliyewaunganisha ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, akamwongeza na Maria wa Bethania, dada yake Lazaro, na Magharibi ikabeba hivyo karne na karne. Waorthodoksi wao waliwaacha kila mmoja kivyake.

Kisha Yohana 20:1-18. Petro na mwenzake wanaingia kaburini, wanaona sanda, wanarudi zao nyumbani. Maria Magdalena anabaki nje analia, na ndiye anayetumwa kwa ndugu na habari. (Wazee wetu wanaosema mwanamke asisimame madhabahuni, mje na majibu!) Mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya 22 Julai kuwa sikukuu, daraja moja na mitume.

Mambo ya ndoa na Yesu tuyaache, hayamo katika Injili zote nne na yatatula muda.

Chai ipo. Mwenye nafasi aje na maandazi.