Kwa vijana wa maji bonde la Pangani: msilijaze daftari kwa kukisia

Wanangu mlioanza kazi karibuni,

Marahaba kwa wote mlionisalimu. Mmoja wenu aliniuliza ni kitu gani kilinishikilia kwenye kazi hii hadi nikastaafu. Nilimjibu juu juu, na usiku ule sikulala vizuri. Jibu lenyewe ni hili.

Ofisi ya maji ya bonde letu la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, ya kwanza nchini, na ugomvi wa kugawana maji tulioukuta ndio mtakaousuluhisha ninyi. Maji ya Kilimanjaro na Meru yanamngoja mwenye mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia), mashamba ya miwa ya Arusha Chini, mfugaji, na mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu na Hale. Kila mmoja ana haki yake na sauti yake. Ninyi mna daftari la vipimo tu. Likiingia uongo, hamna mnachoweza kumwambia mtu.

Daftari hilo huanzia kwa mwanakijiji anayesoma geji ya mtoni, kipimo cha kina cha maji, asubuhi na jioni kwa posho ndogo. Mtembeleeni. Mjulieni hali, kisha muisome pamoja naye ile geji. Siku alizougua, acheni nafasi wazi. Mwaka mmoja wa ukame niligundua kuwa namba za mwezi mzima za kituo fulani zilinakiliwa kutoka mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimeshazitumia kupendekeza kibali cha kumwagilia. Mto ukakatika chini ya banio, pale maji yanapochepushwa kwenda mashambani, kabla mpunga haujachanua. Kina mama wa kijiji cha chini walichimba mchanga kupata ndoo moja. Nilisimama mkutanoni nikawaomba radhi, na nyuso zile ninazo hadi leo.

Mafuriko yakipita, kama yale ya El Nino ya 1997 na 1998, pimeni upya upana wa mto na kasi yake. Mchanga ukishahama, kina kilekile si maji yaleyale tena.

Halafu kuna floraidi, madini yaliyomo majini ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa. Kuelekea Maji ya Chai na Ngurdoto mtakuta watoto wenye meno ya kahawia, na wengine wenye miguu iliyopinda. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani, kiasi chake kwa lita kinapanda, na mama anayewachemshia wanawe anastahili kuambiwa hivyo. Majibu ya maabara yakitoka, yapelekeni kijijini wenyewe, mkayaeleze hadi bibi wa mwisho aelewe. Mengi mno yamebaki kabatini, na ninaumia nikikumbuka.

Mungu akinijalia, Wiki ya Maji mwezi Machi nitakuwa Moshi. Njooni na madaftari yenu tuyapitie ukurasa kwa ukurasa, na zile nafasi zilizo wazi mtanieleza moja moja.

Mzee wenu,
mstaafu wa maji